Wapangaji Wawili

Lugha yetu imewapa jina moja watu wawili ambao mara nyingi hawajuani. Mtu akodiye chumba na kulipa kodi kila mwisho wa mwezi huitwa mpangaji. Mtu achoraye mji, akaonyesha barabara ipite wapi, soko likae wapi na maji machafu yaelekee wapi, naye huitwa mpangaji. Wa kwanza hulala ndani ya mji. Wa pili huutazama mji ukiwa umetandazwa juu ya meza. Wa kwanza hujua bati lipi linavuja na ujia upi hauna taa. Wa pili hujua vipimo, sheria na gharama. Kila mmoja ana nusu ya maarifa, na mji uliojengwa kwa nusu moja tu ya maarifa hukaa kama nguo iliyoshonwa na fundi asiyempima mvaaji.

Insha hii yakusudia kuhakiki njia moja ya kufundisha ambayo wafuasi wake husema kwamba huwakutanisha wapangaji hao wawili. Njia hiyo ni ya karakana, ambayo katika vyuo vikuu huitwa studio. Mwanafunzi wa upangaji miji hapewi maneno ya kukariri peke yake. Hupewa mahali halisi penye watu halisi, akaambiwa: nenda, tazama, uliza, pima, kisha rudi uchore. Nataka tuipime njia hii kwa haki: tuisifu panapostahili sifa, na tuilaumu panapostahili lawama.

Huenda msomaji akashangaa. Tumezoea kuhakiki mashairi, riwaya na tamthilia; je, ramani ya mji nayo yaweza kuhakikiwa? Yaweza, tena yapasa. Ramani ni maandishi kama maandishi mengine. Ina mwandishi, ina msomaji, ina wahusika wakuu na wahusika wadogo. Barabara pana ielekeayo kwenye makao ya matajiri ni sentensi ndefu iliyoandikwa kwa wino mzito. Mtaa wa maskini ulioachwa mweupe, bila jina wala njia, ni ukimya wa mwandishi. Mhakiki wa ramani huuliza swali lile lile aulizalo mhakiki wa riwaya: ni nani amepewa nafasi ya kusema humu, na ni nani amenyamazishwa?

Tuanze na mfano wa zamani. Nairobi ilizaliwa na reli mwaka 1899, mahali pa kinamasi ambapo mafundi wa reli waliona pafaa kuegesha gari moshi na kuweka vifaa. Mapema sana wakazi wake walianza kutengwa kwa rangi. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson, aliyetumwa kuchunguza afya ya miji, alishauri Wazungu, Waasia na Waafrika wakae mbalimbali, na sababu aliyoitoa ilikuwa kuzuia maradhi. Mwaka 1948 ukachapishwa mpango mkuu wa Nairobi kuwa makao makuu ya koloni. Waandishi wake walikuwa L. W. Thornton White, L. Silberman na P. R. Anderson, wataalamu waliotoka Afrika Kusini. Ni kitabu kilichoandikwa kwa ufundi. Kina mawazo mazuri juu ya mitaa midogo yenye shule na viwanja vyake, na juu ya bustani na barabara kuu. Walakini Mwafrika katika mpango ule aonekana zaidi kama mkono wa kazi unaohitaji mahali pa kulala karibu na viwanda, wala si kama raia anayeulizwa apenda kuishi vipi. Ufundi ulikuwapo, aliyekosekana ni mwenyeji.

Nimeutaja mpango huo kwa sababu unatufundisha jambo ambalo wengi hulisahau. Dhuluma katika mji si lazima iletwe na mtu mkali mwenye rungu. Yaweza kuletwa na mtu mpole mwenye penseli iliyochongwa vizuri, aliyesoma sana, asiye na chuki na mtu yeyote, lakini ambaye katika masomo yake yote hakufundishwa kubisha hodi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Msemo huo wa wazee wetu ungeandikwa juu ya mlango wa kila shule ya upangaji miji, ungetosha kuwa somo la mwaka wa kwanza.

Sasa tuitazame karakana yenyewe. Asili yake ni ya kale, kwani mafundi wa sanaa na ujenzi wa Ulaya walifundishwa hivyo, mwanagenzi akikaa karibu na bwana wake. Upangaji miji ulipoingia chuo kikuu, nao ulirithi desturi hiyo. Chuo Kikuu cha Liverpool kilianza kuufundisha mwaka 1909. Katika karakana mwanafunzi huchora, hubandika kazi yake ukutani, kisha walimu na wenzake huihakiki mbele yake. Hufuta, huchora tena. Donald Schön, msomi wa Marekani, aliandika mwaka 1983 kwamba mtaalamu mzuri hufikiri akiwa kazini, mikono na akili vikienda pamoja. Baadaye akaitumia karakana ya wasanifu majengo kuwa mfano wa namna mafunzo hayo yapatikanavyo. Sisi tusishangazwe na maneno hayo. Kungwi, mhunzi na mjenzi wa jahazi hawakuwafundisha wanagenzi wao kwa daftari.

Lakini karakana ya zamani ilikuwa na kasoro kubwa. Ilifungwa ndani ya kuta nne. Bwana aliyefuatwa alikuwa mtaalamu, na mji uliochorwa ulikuwa karatasi. Mwanafunzi aliweza kupata alama za juu kwa kuchora daraja zuri mahali ambapo hapana mto. Ndipo wakatokea watu walioona kwamba karakana yapaswa kuvunja ukuta wake mmoja na kutazama mtaani. Mwaka 1965 Paul Davidoff, Mmarekani aliyekuwa mwanasheria na mpangaji miji, aliandika kwamba mpangaji awe kama wakili: awatetee wale wasiokuwa na msemaji. Katika bara letu, mwaka 2010 umoja wa shule za upangaji miji za Afrika ulitia sahihi makubaliano na shirika la kimataifa la wakazi wa mitaa ya mabanda. Nia ilikuwa wanafunzi wafanye karakana zao pamoja na wakazi wenyewe. Hapo karakana ilipata bwana wa pili, yaani mkazi.

Kwetu Kenya mfano ulio mashuhuri ni wa bonde la Mathare, umbali wa kilometa sita hivi kutoka katikati ya Nairobi. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, kaunti ndogo ya Mathare ilionekana kuwa na watu 206,564 katika eneo la kilometa za mraba 3 hivi. Wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley walifanya kazi huko pamoja na Muungano wa Wanavijiji, chama cha wakazi kilichoanza mwaka 1996 ili kupinga watu kufukuzwa makwao. Walitembea vijiji kwa vijiji, wakahesabu nyumba, mabomba na vyoo, wakachora ramani. Matokeo yake yakakusanywa mwaka 2012 katika mpango wa bonde zima.

Uzuri wa kwanza wa kazi hiyo ni kwamba ilimfundisha mwanafunzi kuona. Kuona si kazi ya macho peke yake. Tuchukue maji. Mtu aliyekaa darasani hudhani kwamba maskini hutumia fedha kidogo kununua maji, kwa sababu ana fedha kidogo. Sasa tufanye hesabu. Tuseme mtungi wa lita 20 huuzwa shilingi 5 kwenye kioski. Mita moja ya ujazo ina lita 1,000, yaani mitungi 50. Basi mnunuzi amelipa shilingi 250 kwa mita moja ya ujazo, na kisha akaibeba kwa kichwa au mgongo. Bei hiyo yapita mara kadhaa ile atozwayo mtu wa mtaa wa matajiri ambaye maji humfuata mpaka jikoni. Mwanafunzi aliyesimama foleni kwenye kioski hawezi tena kusema kwamba watu wa mabanda hawana uwezo wa kulipia huduma. Walipa zaidi, wapata kidogo. Hesabu ndogo kama hiyo huvunja uongo mkubwa, na karakana iliyomfikisha mwanafunzi kwenye hesabu hiyo imetimiza wajibu wake wa kwanza.

Uzuri wa pili ni kwamba kazi hiyo ilimtoa mwanafunzi katika fikira za kijiji kimoja. Zamani msaada wa mitaa ya mabanda ulikuja vipande vipande: choo hapa, bomba pale, kila mfadhili na kibao chake. Lakini maji machafu hayasomi vibao. Taka zilizotupwa kijiji cha juu hushukia kijiji cha chini, na bomba lisilokuwa na chanzo imara hukauka lifikapo mwisho. Ndiyo sababu waandishi wa mpango wa mwaka 2012 walilitazama bonde lote kuwa kitu kimoja. Mwanafunzi alijifunza kwamba haki haigawanywi kijiji kwa kijiji kama vipande vya sabuni.

Uzuri wa tatu ulidhihirika zaidi katika Mukuru, upande wa viwanda wa Nairobi. Mwezi wa Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza kwamba Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani ni eneo maalumu la kupangwa, kwa mujibu wa sheria. Eneo hilo lina kaya zaidi ya 100,000, na ardhi yake kwa sehemu kubwa ina hati za watu binafsi na makampuni. Vyuo vikuu, vyama vya wakazi, wanasheria, waganga na maofisa wa kaunti waligawana kazi kwa makundi: maji, afya, nyumba, elimu, ardhi, fedha na mengineyo. Wakazi nao walikusanyika katika makundi madogo ya kaya chache, kila kundi na mjumbe wake, ili sauti ya ujia mmoja ifike kwenye meza kuu. Hapo wanafunzi wa upangaji walikabiliwa na swali gumu. Viwango vya kawaida vyataka barabara pana. Vikifuatwa neno kwa neno mahali palipojaa vyumba vya futi 10 kwa 10, nyumba nyingi mno zitabomolewa kwa ajili ya watu wale wale wanaopoteza nyumba. Basi kipi kipindwe, watu au kiwango? Karakana ya haki ilijibu kwamba kiwango ndicho kipindwe, ilimradi gari la wagonjwa lipite na maji ya mvua yatoke. Jibu hilo halikuandikwa katika kitabu cha mwalimu. Lilipatikana kwa kupima ujia kwa kamba, mkazi akishika ncha moja na mwanafunzi akishika ncha nyingine.

Hizo ndizo sifa, nami nazitoa bila ubahili. Lakini mhakiki anayesifu tu ni mpambe, si mhakiki. Tugeukie upungufu.

Upungufu wa kwanza ni wakati. Karakana hufuata kalenda ya chuo, na mtaa hufuata kalenda ya maisha. Mwanafunzi huja baada ya mvua za vuli na kuondoka kabla ya masika, haoni mafuriko. Huja mchana na kuondoka kabla ya jua kutua. Haoni usiku, wakati ambapo mwanamke huogopa kutoka kwenda choo cha mbali. Muhula ukiisha, kazi husahihishwa, mwanafunzi hufaulu, na mkazi hubaki na ujia wake. Wazee walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Walisema pia, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni anayeondoka siku ya pili na daftari lililojaa, asiache hata nakala ya ramani kwa waliomwonyesha njia, amepona yeye, mwenyeji hakupona. Kwa hiyo sharti la kwanza la karakana ya haki ni kwamba kinachochorwa kibaki mtaani, kwa lugha ambayo mtaa waielewa. Mpango wa kurasa nyingi wa Kiingereza cha wataalamu, uliofungiwa kabatini, ni deni lisilolipwa.

Upungufu wa pili ni kuulizwa kupita kiasi. Mitaa ya mabanda ya Nairobi imeulizwa maswali na watafiti wengi kwa miaka mingi. Mama ameulizwa ana watoto wangapi, hula mara ngapi, hulipa kodi kiasi gani. Naye amejibu, tena na tena, na paa lake lingali likivuja. Swali lisilozaa kitu huwa dhuluma ndogo. Mwalimu wa karakana yampasa kumfundisha mwanafunzi kutafuta kwanza majibu yaliyokwisha kutolewa, kabla ya kumsumbua mtu kwa mara ya kumi. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, ni kweli. Lakini aulizaye lililokwisha kujibiwa hakusikiliza.

Upungufu wa tatu ni mzito kuliko hiyo miwili, nao ndio uliolipa insha hii jina lake. Karakana husema, tumekwenda kuwasikiliza wakazi. Wakazi gani? Katika Mathare na Mukuru watu walio wengi sana ni wapangaji wa vyumba. Mwenye nyumba mara nyingi hakai humo, lakini siku ya mkutano huja, hukaa kiti cha mbele na husema kwa sauti kubwa. Mpangaji yuko kazini kiwandani, au auza mboga, au akaa kimya kwa sababu aliye mbele yake ndiye ampaye chumba. Mwanafunzi asiyejua haya huandika katika daftari lake: wananchi wamekubali. Tena kuna hatari nyingine. Mtaa ukipata maji, taa na barabara, kodi hupanda. Kodi ikipanda, mpangaji aliyeteseka miaka yote mtaa ulipokuwa matopeni huondolewa siku ulipokauka, akaenda kutafuta matope mengine. Mpango uliotengenezwa kwa jina lake umemfukuza bila trekta. Karakana isiyouliza, je, baada ya uzuri huu atakayebaki ni nani, haijafundisha haki. Imefundisha upambaji tu.

Sherry Arnstein, naye wa Marekani, aliandika mwaka 1969 makala ambamo aliufananisha ushiriki wa raia na ngazi yenye vidato 8. Ninyi wasomaji wa sekondari mwalijua vyema neno kidato, maana kila mwaka mwapanda kimoja. Katika vidato vya chini vya ngazi hiyo raia hushawishiwa kwa hila tu, akaitwa mkutanoni ili picha ipigwe. Katika vya kati hupashwa habari na kuulizwa maoni, lakini uamuzi umekwisha kufanywa. Katika vya juu huwa mbia, hukabidhiwa madaraka, na mwisho hushika usukani mwenyewe. Tuipime karakana kwa ngazi hiyo. Mwanafunzi akienda na hojaji akarudi, amefika vidato vya kati. Mkazi akishika kamba ya kupimia na kalamu ya kuchorea, wamepanda. Je, mkazi huketi siku ya uhakiki, kazi zibandikwapo ukutani, akawa na uwezo wa kusema, huyu hakufaulu, kwa sababu amepitisha barabara juu ya shule ya watoto wetu? Mpaka mkazi apate sauti katika alama, mwanafunzi atachora kwa ajili ya macho ya mwalimu, kwa sababu mwanafunzi popote alipo humtumikia yule anayemsahihisha.

Yuko mtu atakayesema: haya ni madai makubwa mno. Kazi ya chuo ni kufundisha, si kutawala mji. Wanafunzi hawana fedha za kujengea mabomba, wala askari wa kuzuia matrekta. Hoja hiyo ina ukweli, na matukio yameithibitisha. Mukuru ilipata barabara, hospitali na visima katika miaka iliyofuata tangazo la mwaka 2017. Lakini mwishoni mwa mwaka 2021, katika Mukuru kwa Njenga hiyo hiyo iliyokuwa ndani ya eneo maalumu, nyumba za maelfu ya watu zilibomolewa ili kupisha barabara. Watu waliokuwa wamehesabiwa, wakajadiliana na kuchorwa katika ramani walilala nje juu ya mahali ilipokuwa milango yao. Ramani iliyotengenezwa kwa pamoja haikuwa ngao ya kutosha.

Tukio jingine ni la mwaka 2024. Mwezi wa Aprili mvua kubwa ilinyesha, Mto Mathare ukafurika, watu wakafa. Serikali ikaamuru watu wote waliokaa ndani ya mita 30 kutoka ukingo wa mto wahame, na bomoabomoa ikaanza. Hapa yafaa tuwe waangalifu, maana si kila amri ya kuhama ni dhuluma. Mto huua. Anayemwachia maskini akae palipo na kifo kwa jina la huruma hamhurumii. Lakini tazama jinsi wapangaji wawili wa namna tofauti wangeuchora mstari ule wa mita 30. Wa kwanza apiga rula kando ya mto, afuta kila kilichomo, aenda nyumbani kula chakula cha jioni. Wa pili apiga mstari ule ule, kisha ahesabu milango iliyo ndani yake, mmoja mmoja, na pembeni ya kila mlango aandika: hawa watalala wapi leo? Watoto wao watasoma shule ipi kesho? Wanaweza kulipa kodi kiasi gani mahali pengine? Mstari ni mmoja. Elimu ni mbili. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya makao ya kufaa na ya maji safi. Mpangaji wa pili ameisoma Katiba hiyo kama kipimo cha kazi yake. Wa kwanza ameiachia mahakama.

Basi hoja kwamba karakana haina nguvu ya kuzuia trekta naikubali, lakini haiivunji karakana. Yaonyesha tu kwamba matunda ya mafunzo hayaonekani siku ya mtihani. Yule aliyetoa amri ya trekta naye alisoma mahali fulani. Ofisa aliyetia sahihi alifundishwa na mtu. Laiti mmoja wao angalishika ncha ya kamba katika ujia wa Mukuru alipokuwa kijana, pengine mkono wake ungalisita juu ya karatasi muda wa kutosha kuuliza swali. Sisemi kwamba angaliacha, nasema angaliuliza. Miji mingi imeharibiwa na watu wasiosita.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Karakana ya mtaani ni njia bora kuliko zote tulizonazo za kumfundisha kijana kupanga mji kwa haki, kwa sababu yamweka mbele ya mtu ambaye penseli yake itamgusa. Lakini si njema kwa jina lake tu. Huwa njema inapotimiza masharti manne. Ikae muda wa kutosha kuona mvua na usiku. Iache ramani mikononi mwa wakazi kwa lugha yao. Imtafute mpangaji wa chumba alipo, asipoweza kuja mkutanoni, wala isitosheke na sauti ya mwenye nyumba. Na impe mkazi kiti siku ya kuhakiki kazi. Pasipo hayo karakana ni matembezi, na mtaa wa maskini haukuumbwa kuwa mahali pa matembezi.

Nawe, msomaji kijana, usidhani habari hii ni ya vyuo vikuu peke yake. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta wakazi 4,397,073 katika Nairobi. Miji mingine yetu nayo yakua. Wachache kati yenu watakuwa wapangaji wa mji, wakishika rula na mihuri. Walio wengi watakuwa wapangaji wa vyumba, angalau kwa miaka michache ya ujana wao. Wale wachache wakumbuke kwamba waliketi dawati moja na hawa wengi. Na hawa wengi wajue kwamba ramani ya mtaa wao ni maandishi yanayohusu maisha yao, wana haki ya kuisoma, na wakiona jina lao limeachwa, wana haki ya kuomba penseli.